Kaimu Hajui Kunyamaza

Mama yangu, hata ukimkuta na homa inayotikisa kitanda, ukimwuliza habari atakujibu salama. Kwanza salama, halafu ndipo akwambie kwamba mguu umevimba, paa linavuja na jirani amefiwa. "Salama tu, mwanangu, ila..." Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Nilipokuwa mdogo jambo hili lilinikera sana. Kama kuna ila, salama ya nini? Dada yangu mkubwa alinicheka. "Salama si jibu," aliniambia. "Ni hodi tu. Wewe ngoja mlango ufunguliwe."

Mimi nilikuja kupata kazi ambayo yote ni kuuliza na kujibiwa. Ofisini kwetu, juu ya duka la rangi, tulikuwa tunaandika programu ya king'ora cha ghala la baridi lililo ng'ambo ya reli. Ghala hilo huhifadhi samaki na nyama, na baridi yake hutokana na amonia inayozunguka ndani ya mabomba. Amonia ikiwa bombani haina neno na mtu. Ikitoka, inauma macho na kukaba koo, na ikizidi inaua. Dada yangu alifanya kazi mle ndani, kwenye chumba cha kufungasha, ukuta mmoja na chumba cha mashine. Kwa hiyo wenzangu waliandika programu ya mteja, mimi niliandika programu ya pumzi za dada. Sikuwaambia hivyo. Lakini ndivyo nilivyoiona, na labda ndiyo sababu walinibandika jina la Pilipili. Sikulikataa, maana pilipili hailiwi na kila mtu.

Programu yenyewe tuliigawa vipande, kila kipande na kazi yake, kama watu wa ofisi moja. Kulikuwa na Pua, aliyezungumza na kifaa cha kunusa gesi kilichobandikwa ukutani kule ghalani. Kulikuwa na Mwamuzi, ambaye kazi yake ni kumwuliza Pua bila kuchoka: vipi huko? Pua akijibu "salama", Mwamuzi anatulia. Akijibu "hatari", Mwamuzi anamwamuru King'ora alie. Ndiyo hayo tu, hata anayeuza rangi chini yetu angeelewa.

Ugumu ulikuwa kuvijaribu vipande hivyo kimoja kimoja. Huwezi kumwaga amonia ofisini ili uone kama Mwamuzi ana akili. Kwa hiyo tukafanya kama wafanyavyo waandishi wa programu popote: tulimwekea Mwamuzi Pua wa bandia. Zipo zana za kazi hiyo. Unaiambia zana, nitengenezee mtu anayefanana na Pua kwa nje, aitike jina la Pua, aulizwe maswali ya Pua, na majibu nitamfundisha mimi mwenyewe. Sisi tulimwita kaimu. Kaimu hana ukuta wala gesi. Ukimfundisha aseme hatari, anasema hatari, nawe unatazama kama Mwamuzi ameshtuka. King'ora naye alikuwa na kaimu wake, ambaye halii kabisa. Yeye hukumbuka tu kwamba ameamriwa kulia, ukimwuliza anakiri. Jaribio likifaulu mstari wa kijani unatokea kwenye skrini, likianguka unatokea mwekundu.

Sina ugomvi na makaimu. Bila wao tungekuwa bado tunabahatisha. Ugomvi wangu ulikuwa na mwenzangu wa meza ya dirishani, tuliyemwita Chapchap kwa sababu alimaliza kila kitu kabla hujamaliza kumweleza. Chapchap alikuwa ameiwekea zana yake mazoea mabaya: kaimu akiulizwa jambo ambalo hakufundishwa, ajibu salama. Swali lolote, salama. Nilimwambia, "Kaimu wako ana adabu kupita kiasi. Hata mwizi akimgongea, atamwitikia."

"Adabu si dhambi," akasema, huku vidole vyake vinaendelea kupiga vibonye.

Bosi wetu tulimwita Bwana Kijani, kwa siri. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai fupi, na hakusoma programu, alisoma rangi. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe chake, akatazama skrini kubwa ya ukutani, akaona majaribio yote ni ya kijani, akasema, "Leo tumeamka vizuri," kisha akaenda zake. Siku moja ikatokea nyekundu na chai ikampalia.

Nyumbani tulikuwa watatu, mama, dada na mimi, katika nyumba ya kando ya barabara itokayo ghalani. Mama alikuwa na wasiwasi wa kuzaliwa nao. Dada akiwa kazini alimwandikia meseji mchana: hujambo, mwanangu? Lakini simu haziruhusiwi chumba cha kufungasha. Zinafungiwa kwenye makabati ya kubadilishia nguo, kwa sababu mikono ina glovu na kila kitu kinatota. Meseji isipojibiwa, mama alimpigia mlinzi wa geti. "Baba, hebu nitazamie binti yangu kama bado anahema." Na mlinzi, kwa heshima ya mama mtu mzima, alikuwa akienda kweli, anachungulia mlangoni, anarudi na kusema anahema. Kila mtu ghalani alilijua jambo hili. Dada walimwita Anahema.

"Mdogo wangu," aliniambia jioni moja, amekaa ukingoni mwa kitanda changu akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi, "nitafukuzwa kazi kwa kupendwa. Msimamizi kasema mlinzi akichungulia tena, mimi na yeye wote tutakwenda kukaa nyumbani na mama. Hebu fanya huo utaalamu wako."

Haikuwa kazi kubwa. Niliipanga simu yake ili kila meseji kutoka kwa mama ijibiwe yenyewe. Maneno aliyatunga dada: "Salama, mama. Niko kazini. Tutaonana jioni." Tulikubaliana mama asijue, maana akijua atarudi kwa mlinzi.

Mama alifurahi kama mtu aliyerudishiwa mtoto. "Siku hizi ananijibu kabla sijaweka simu chini," aliwaringia majirani. Siku moja mezani alimgeukia dada kwa uchungu kidogo. "Wewe nawe. Nimekuuliza leo nipunguze chumvi au niache, unaniambia salama, tutaonana jioni. Ndilo jibu gani?" Dada alicheka mpaka akashika mbavu, mimi nikakimbilia jikoni nikacheke huko. Mama alitutazama kwa zamu, akacheka naye bila kujua anacheka nini.

Kisha ikaja jioni ambayo dada alirudi macho mekundu.

"Habari za kazi, dada?"

"Salama."

Nikangoja. "Ila?"

"Ila leo fundi kalegeza koki vibaya kule chumba cha mashine, hewa ikatupiga kidogo. Imekwisha. Nipe maji."

Nikampa maji. Vifaa vyetu vilikuwa vimeshafungwa kila chumba, hata ukutani kwao, vikisubiri tu programu iwashwe. Nikamwuliza pua yetu ilisema nini.

"Ile yenye kitaa? Siku zote kinawakawaka. Gesi ilipotufikia kikazimika."

"Kikageuka chekundu?"

"Kikazimika, nimekwambia. Kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo. Hewa iliposafishwa kikawaka tena kama hakuna lililotokea."

"Sasa nani aliwaambia mtoke?"

"Bomba," alisema, akinishangaa. Pale mlangoni pao kulikuwa na kipande cha bomba kinachoning'inia na spana kando yake. Wa kwanza kunusa alikigonga, na wakisikia mlio wote walitoka, hakuna kuuliza. Mara nyingine ilikuwa ni samaki tu aliyeoza. Walitoka vilevile, wakatukanana kwa utani, wakarudi. Ndivyo walivyoishi miaka yote.

Sikulala vizuri. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani aliwahi kumfundisha kaimu methali?

Asubuhi nilifungua programu nikamsoma Mwamuzi mstari kwa mstari. Akijibiwa salama, anatulia. Akijibiwa hatari, anapiga king'ora. Na Pua asipojibu kabisa? Nikalikuta: asipojibu, jibu la mwisho liendelee kusimama. Kama mara ya mwisho alisema salama, basi bado ni salama, na skrini ibaki kijani. Aliyeandika ni Chapchap, na alikuwa na sababu yake. Mtandao wa kule ghalani unakatika kila mara, na kama kila mkatiko ungepiga king'ora, watu wangekichukia kabla hakijatimiza mwezi. Lakini katika majaribio yetu yote hakuna hata moja lililouliza kuhusu kimya. Lingeulizaje? Makaimu wetu walijua maneno mawili tu, na wote walipenda kusema.

Nikatengeneza kaimu wangu. Nikamfundisha aseme salama, kisha anyamaze asiseme tena. Nikaandika jaribio: Pua akinyamaza, King'ora aamriwe kulia. Nikaliendesha. Ukutani, katikati ya kijani chote kile, ukatokea mstari mwekundu.

Bwana Kijani alitoka chumbani kwake na kikombe mkononi. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema. "Tusiwashe ghalani mpaka tumalize hili."

"Kesho tunawasha. Wageni wanakuja. Nani kakwambia Pua hunyamaza?"

"Dada yangu."

"Dada yako ni mhandisi?"

"Dada yangu ana pua."

Chapchap alicheka, akajifanya anakohoa. Bosi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, na nitamtendea haki: hakunifokea. "Waliotuuzia kile kifaa wameandika wazi kwamba hujibu salama au hujibu hatari. Hakuna la tatu. Wewe umemfundisha kaimu wako ububu, halafu unatulilia kwamba hasemi. Kaimu husema anachofundishwa, Pilipili. Huyu umemfundisha hofu yako."

Neno lake liliniuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Kaimu wa Chapchap alifundishwa matumaini, wangu alifundishwa hofu, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumwuliza Pua mwenyewe. Nikasema basi, tukamwulize. Leo hii. Nipeni kifaa kimoja na chupa ya amonia, nikifungie ndani ya ndoo, tuone kama kitasema au kitazimika.

"Wiki ijayo," alisema bosi. "Wageni wakishaondoka, nenda na ndoo zako zote."

"Na wiki hii watu wahemee nini?"

Alinyanyuka. "Lifanyieni utaratibu," alimwambia Chapchap.

Utaratibu ulikuwa hivi: zana ile ina neno moja ambalo ukiliweka juu ya jaribio, jaribio hilo linarukwa. Halifutwi. Linabaki hapo, limeandikwa vizuri, ila haliulizwi. Chapchap aliliweka neno hilo bila kunitazama usoni. Skrini ikarudi kijani. Bwana Kijani akanywa chai yake.

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia Chapchap zaidi, kwa sababu yeye alielewa.

Asubuhi ya kuwasha, nilimsindikiza dada hadi njia ya reli. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwa utulivu, yakanitoka kama maji ya kopo lililotoboka. "Dada, ukinusa kitu leo, toka. Usingoje king'ora. Gonga lile bomba lenu utoke."

"Bomba limeng'olewa jana," alisema.

"Limefanywa nini?"

"Limeng'olewa. Msimamizi katukusanya, kasema sasa tuna mtambo wa kisasa, mambo ya kugonga vyuma kama watu wa zamani yameisha, tunapoteza kazi bure kwa ajili ya samaki waliooza. Kuanzia leo anayetoka kabla king'ora hakijalia amekimbia kazi." Alinitazama, akaona uso wangu, akanipiga kibao kidogo cha mapenzi begani. "Mbona umenuna? Hicho king'ora si umekiandika wewe?"

"Tumekiandika wengi."

"Umekiandika wewe," alisema. "Basi mimi nitakiamini." Akavuka reli akiwa ameinua pindo la gauni asikanyage matope, na alipofika upande wa pili aligeuka akaziba pua kwa vidole viwili, kunitania. Sikucheka.

Wageni walikuja wamevaa suti: wenye ghala wenyewe na watu wao. Walipangiwa viti mbele ya skrini kubwa. Bwana Kijani alikuwa amebadili tai. Saa ya kuwasha ikafika, Chapchap akabonyeza, na michoro ya vyumba vya ghala ikatokea ukutani, kila chumba na rangi yake ya kijani na neno lake moja: salama, salama, salama. Wageni wakapiga makofi. Soda zikafunguliwa. Mimi nilikaa kwenye meza yangu, nikitazama chumba kimoja tu, kile cha mashine. Muda ukapita nacho kimebaki kijani. Nikaanza kujisema moyoni: labda bosi ana haki. Labda kile kitaa kilizimika kwa umeme tu. Labda mimi ni pilipili isiyo na mchuzi, nawasha watu bure.

Wageni walikuwa wameanza kuaga simu yangu ilipolia. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Salama tu." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ila watu wanapita hapa barabarani mbio, wameziba nyuso kwa nguo. Nimemwuliza mmoja, kasema kuna hewa mbaya imezagaa nyuma ya ghala. Nikashtuka, nikataka kumpigia yule mlinzi. Nikasema, aa, ngoja nimwulize mwenyewe kwanza. Nikamwandikia. Na hapo hapo kanijibu, salama, yuko kazini. Basi nikatulia, nikamalizia kufua. Nimekupigia tu na wewe usije ukasikia mambo ya watu ukashtuka."

"Mama, ulimwandikia saa ngapi?"

"Muda kidogo. Nguo zimeshaanikwa."

Niliinua macho nikatazama ukuta. Salama, ulisema ukuta. Salama, ilisema simu ya dada kutoka kwenye kabati la chuma alilolifungia asubuhi. Makaimu wawili, na kwa wote wawili mkono wangu umo.

Nilisimama, kiti kikaanguka. "Chapchap! Pua wa chumba cha mashine kajibu lini mara ya mwisho? Si kwenye skrini. Jibu lenyewe!"

Hakuuliza kwa nini. Alifungua kumbukumbu za mtambo, akazitelezesha kwa kidole, na kidole kikasimama. Uso wake ukabadilika rangi. "Hajajibu," alisema kwa sauti ndogo. "Hajajibu kitambo. Hii salama ni ile ya mwanzo. Ni ileile tu inaendelea."

"Kuna nini?" aliuliza Bwana Kijani, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

King'ora wa kweli anaweza kuamriwa kwa mkono, bila Pua, bila Mwamuzi. Sehemu hiyo niliiandika mimi. Nikaketi kwenye kiti cha Chapchap nikaandika amri. Bosi aliushika mkono wangu. "Mbele ya wageni?" alinong'ona. Nikamng'ata. Sijutii. Nikabonyeza, na kutoka ng'ambo ya reli, juu ya mabati na nyaya za umeme, tukakisikia kikilia. Sauti yake ilikuwa nene na nzuri. Wageni walisimama na soda zao mikononi, wasijue kama hili nalo ni sehemu ya maonyesho.

Nilikimbia. Sikumbuki ngazi wala barabara. Nakumbuka reli, na matope ambayo dada aliyakwepa, na jinsi ile harufu ilivyonipiga kabla sijaliona geti, harufu kali ya kukata pua. Nilipokuwa nakimbia nilimwandikia dada: uko wapi? Namba yangu haikuwa kwenye ule mpango. Mpango ulikuwa wa mama peke yake. Kwa hiyo sikupata jibu lolote.

Nje ya geti watu walikuwa wamelala chini, wengine wamekaa wanatapika, wengine wanamwagiwa maji ya mpira usoni. Mlinzi ndiye aliyeshika mpira. Aliponiona, akaushusha mpira, maji yakamwagikia viatu vyake.

"Mama yako leo pia hakupiga," alisema. "Zamani alikuwa akipiga asipojibiwa. Nikajua... nikasema leo kuna amani."

Nikamwuliza dada yuko wapi. Akatazama pembeni.

Walikuwa wamewaweka kivulini, kando ya ukuta. Wengi wa chumba cha kufungasha walitoka kwa miguu yao king'ora kilipolia. Wachache walitolewa wamebebwa. Mmoja alikuwa amefunikwa koti la msimamizi, na nilijua ni nani kwa vidole, vilivyopasuka kwa baridi na kupakwa mafuta. Mwenzake wa mezani, mwanamke mnene ambaye dada alimwita wifi kwa utani, alikuwa amepiga magoti karibu naye, sauti imemkauka.

"Tulinusa," aliniambia. "Tulinusa mapema. Wengine wakataka kutoka, msimamizi akasimama mlangoni. Dada yako akasema tusigombane naye, tujifunike vitambaa tungoje kidogo, kitalia. Akasema hakiwezi kuacha kulia. Kimeandikwa na mdogo wake." Akakohoa. "Halafu akarudi kumvuta yule mfanyakazi mgeni aliyeanguka kule ndani karibu na ukuta. Ndipo kikalia. Kilikuwa kinalia akiwa bado huko ndani."

Nilimshika dada mkono. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, ulikuwa na joto kuliko wangu. Jua la mchana ndilo lililoupasha. Nilitaka kumtafuta msimamizi, nimtafute Bwana Kijani, nimlete hapa kwa kumvuta ile tai yake mpya aje asome rangi. Sikuuachia mkono. Ndani ya jengo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu yake ilikuwa ndani ya kabati, na nilijua bado ina chaji, kwa sababu niliiweka kwenye umeme mwenyewe usiku.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa anakuja kando ya ukuta kwa mwendo wa haraka wa mtu mzima asiyetaka kuonekana anakimbia, khanga ya kufulia bado imelowa kiunoni, simu mkononi. Aliniona mimi kabla hajaona kilichoko chini. Uso wake ukafunguka.

"Nimesikia hicho kilio chenu, nikasema nije," alisema akitweta. "Mwenzio yuko wapi? Nimemwuliza tena sasa hivi, nilipofika relini." Akaniinulia simu nisome, kama mtu anayeonyesha kibali. "Kajibu hapo hapo. Salama, mama. Tutaonana jioni."

Nilimtazama. Salama ilinijia mdomoni. Ilikuja yenyewe, kama inavyomjia kila mtu wa kwetu, ile ya kubisha hodi, salama tu, mama, ila... Nikaimeza. Nikatafuta neno jingine la kumwambia, nikakosa, nikabaki nimemshika dada mkono chini ya koti.

Nikanyamaza.

Na mama yangu, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, alielewa. Simu ikamtoka mkononi.